Shangazi, Shule ya Tisa au Shule ya Tano?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi na mume wangu hapa Columbus, Ohio. Tumejibana kwa muda mrefu kwenye apatimenti ya vyumba viwili, na sasa Mungu amejalia, benki imekubali kutupa mkopo wa nyumba. Tunataka kutoka mjini tuhamie pembezoni, kwenye vile vitongoji tulivu ambavyo kila mtu anasema ndiko kwenye shule nzuri. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Nyumba tulizozipenda ni mbili. Ya kwanza iko eneo ambalo shule yake ya msingi imepewa tisa kati ya kumi kwenye programu ya simu tunayotafutia nyumba. Ni ndogo, na malipo yake ya mwezi yatatukaba koo. Ya pili ni kubwa, iko karibu na wifi yangu, tutailipa bila kukosa usingizi, ila shule yake imepewa tano. Mume wangu hataki hata kwenda kuiona. Anasema, "Tumevuka bahari kwa ajili ya hawa watoto, halafu niwapeleke shule ya tano?" Anafanya kazi usiku kwenye ghala na yuko tayari kuongeza zamu ili tuipate ile ya tisa. Mimi naogopa tutapata shule tukamkosa baba.

Kijana wetu mkubwa yuko darasa la saba, na hesabu ndiyo starehe yake. Binti yuko darasa la pili, bado anasoma kwa kujikokota, na shuleni kwake anapewa msaada wa Kiingereza. Mdogo hajaanza shule.

Dalali nilimuuliza waziwazi ipi kati ya shule hizi ni nzuri. Akaniambia hawezi kusema, nikaangalie mwenyewe. Niliona kama ananificha kitu. Mwenzangu kazini kanionya nisithubutu ile ya tano, eti imejaa wageni, watoto wangu hawatajua Kiingereza. Na binamu yangu anayeishi upande wa tisa anasema tununue nyumba ya bei nafuu, halafu tuwaandikishe watoto kwa anwani yake. Anasema wengi wanafanya hivyo.

Shangazi, nitajuaje shule ni nzuri kabla sijaweka sahihi ya miaka thelathini? Sisi hatukusoma huku. Kwetu nyumbani shule nzuri ilijulikana kwa matokeo ya mtihani wa taifa, basi. Huku sijui nitazame nini.

Mama wa Watatu, Columbus

*

Marahaba mwanangu, na hongereni sana kwa mkopo.

Nitaanza na ushauri wa binamu yako, kwa sababu huo hauna mjadala. Usiandikishe watoto kwa anwani usiyoishi. Ohio hiyohiyo, mama mmoja wa Akron aliwaandikisha binti zake kwa anwani ya baba yake mzazi ili wasome wilaya ya jirani, maana huku kwa kawaida kila wilaya ya shule husomesha watoto wanaoishi ndani ya mipaka yake. Mwaka 2011 alitiwa hatiani kwa kughushi nyaraka, akahukumiwa jela siku 10, akabaki na makosa makubwa kwenye rekodi yake. Kesi yake iliwakera watu nchi nzima, na baadaye mwaka huohuo gavana John Kasich akayapunguza makosa yale kuwa madogo. Huyo alikuwa raia. Ninyi mnaojaza fomu za uhamiaji, ambazo nyingi huuliza kama umewahi kutiwa hatiani, msilisogelee jambo hilo hata kwa mbali. Wilaya za pembezoni huchunguza, na nyingine hutuma mtu kuhakikisha mtoto analala wapi.

Dalali naye mwondolee lawama. Sheria ya makazi ya haki ya mwaka 1968 inakataza kuwaelekeza wanunuzi mtaa huu au ule kwa sababu ya rangi, dini au nchi waliyotoka. Kwa miaka mingi maneno "shule nzuri" na "shule mbaya" yalitumika kama njia ya adabu ya kusema nani anaishi wapi, ndiyo maana madalali wengi waangalifu hawatamki neno juu ya ubora wa shule. Alipokwambia ukaangalie mwenyewe, alikupa jibu analoruhusiwa kukupa.

Sasa tuje kwenye hiyo tisa na hiyo tano, maana naona ndizo zimekaa kitandani kati yako na mumeo.

Mumeo anaisoma tano kama sisi sote tulivyofundishwa kuisoma: tano kwa kumi, nusu, mtoto kaponea chupuchupu kufeli. Sivyo ilivyo. Alama zinazoonekana kwenye programu nyingi za nyumba, Zillow ikiwemo, hutoka kwa shirika liitwalo GreatSchools, ambalo limekuwepo tangu 1998. Alama hizo huilinganisha shule na shule nyingine za jimbo hilohilo. Kwa maelezo yao wenyewe, tano na sita maana yake ni shule ya wastani, saba kwenda juu ni zaidi ya wastani. Kwa hiyo tano ni shule ya katikati ya Ohio. Wala si shirika la serikali. Serikali ya jimbo ina ripoti yake, nitaifikia.

Jambo la pili ni zito zaidi. Sehemu kubwa ya alama kama hizo hutokana na matokeo ya mitihani ya jimbo, na matokeo hayo hufuata mifuko ya wazazi. Hili si jipya. Tangu ripoti ya James Coleman ya mwaka 1966, iliyofanywa kwa agizo la serikali ya Marekani, ilionekana kwamba tofauti za matokeo kati ya watoto zinaelezwa zaidi na hali ya nyumba wanazotoka kuliko vifaa vya shule wanazosoma. Mtoto ambaye wazazi wake wote wana shahada, aliyesomewa vitabu tangu ananyonya na anayelipiwa mwalimu wa jioni, atafaulu mtihani wa darasa la tatu hata kama mwalimu wake ni wa kawaida tu. Ukimweka na wenzake mia tatu wa namna hiyo kwenye jengo moja, jengo linapata tisa. Tisa hiyo inakwambia nani anaishi pale. Haijakwambia bado walimu wanafanya nini kuanzia asubuhi mpaka kengele ya mwisho.

Swali lako wewe ni tofauti: mtoto akiingia mlangoni akiwa na kiasi hiki, mwaka ukiisha anatoka ameongeza kiasi gani? Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walikusanya matokeo ya mamilioni ya watoto wa shule za umma za Marekani ili kulipima hilo hasa. Waliona kwamba wastani wa alama unafuatana sana na kipato cha wazazi, lakini kasi ya watoto kusonga mbele inafuatana nacho kidogo tu. Mfano uliowashangaza wengi ni Chicago. Wastani wake ulikuwa chini, mji ambao watu huukimbia wakitafuta shule. Lakini kati ya 2009 na 2014 watoto wake, kutoka darasa la tatu hadi la nane, walisonga kiasi cha miaka sita ya masomo ndani ya miaka mitano. Wilaya nyingi tajiri hazikufika hapo.

Kwa hiyo fungua kompyuta, si simu, uangalie ripoti za shule zinazotolewa na Idara ya Elimu na Nguvukazi ya Ohio kila mwezi wa Septemba. Ni bure. Tangu 2022 wanatumia nyota, moja hadi tano. Nyota za jumla zipite. Zipo za mafanikio, yaani watoto walipata alama gani, na zipo za maendeleo, yaani walisonga kiasi gani kulinganisha na walivyotarajiwa kutokana na matokeo yao ya nyuma. Hizi za maendeleo ndizo zako. Shule yenye nyota nne au tano za mafanikio na mbili za maendeleo inapokea watoto waliokwishaiva nyumbani. Yenye mbili au tatu za mafanikio na nne za maendeleo ina watu wanaofundisha. Usitazame mwaka mmoja peke yake. Tazama mitatu, kwa sababu shule ndogo hupanda na kushuka kwa kundi moja tu la watoto.

Ukiwa humo, tafuta mstari wa mtoto wako. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 inayoitwa ESSA inalazimisha kila jimbo kuonyesha matokeo kwa makundi: watoto wanaojifunza Kiingereza, wenye kipato kidogo, wenye ulemavu, na kwa asili zao. Binti yako yuko kwenye kundi la wanaojifunza Kiingereza. Inawezekana kabisa shule ikawa na tisa kwa wote, na kwenye mstari wa watoto kama yeye ikawa imelala chali. Inawezekana pia ukakuta kisanduku kitupu, kwa kuwa wakiwa wachache mno hawaandikwi ili wasitambulike. Kisanduku kitupu nacho ni habari: kina maana shule hiyo haina mazoea na watoto wa aina yake.

Angalia na utoro wa muda mrefu, yaani watoto waliokosa asilimia 10 au zaidi ya masomo. Kwa mwaka wa siku 180 hizo ni siku 18. Mimi naipenda namba hii kwa sababu haipambwi kwa urahisi. Shule ambayo watoto wanaikimbia ina jambo, na shule iliyoipunguza miaka ya karibuni ina mtu anayepiga simu majumbani.

Hapo ndipo neno la mwenzako wa kazini linapofika mwisho wake. "Imejaa wageni." Mwanangu, wageni ndio ninyi, na wale watoto ni kama wako. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1974, katika kesi ya familia za Kichina za San Francisco, kwamba kumkalisha mtoto katika darasa asilolielewa, bila msaada wa lugha, ni kumnyima elimu. Mwaka 1982 ikasema tena kwamba shule ya umma haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji. Kila wilaya inawajibika, hata yenye mgeni mmoja. Lakini kwa vitendo, shule yenye watoto wengi wanaojifunza Kiingereza mara nyingi ina walimu wa kazi hiyo waliokaa hapohapo siku nzima, na shule yenye watatu au wanne huenda ina mwalimu mmoja anayezunguka shule kadhaa na kumwona binti yako kwa dakika chache akiwa na koti mkononi. Usikisie. Uliza: mwalimu wa Kiingereza yuko hapa siku ngapi kwa juma? Anaingia darasani kusaidiana na mwalimu wa darasa, au anawatoa watoto? Wakitolewa, wanakosa somo gani? Kama jibu ni kwamba wanakosa kusoma au hesabu, hapo kuna tatizo, maana mtoto anafidiwa kimoja kwa kunyang'anywa kingine.

Binti ndiye mwenye haraka kuliko wote. Mwakani atakuwa darasa la tatu, na Ohio ina sheria ya tangu 2012 ya dhamana ya kusoma darasa la tatu: asiyefikia alama angeweza kurudishwa darasa. Tangu 2023 mzazi, baada ya kushauriana na mwalimu wa kusoma na mwalimu mkuu, anaweza kuomba mtoto avuke huku akiendelea kusaidiwa. Mwaka huohuo jimbo liliagiza shule zote zifundishe kusoma kwa njia inayomfundisha mtoto sauti za herufi kwa mpangilio na kuziunganisha, badala ya kumwacha akisie neno kwa kutazama picha. Waulize walimu wa shule zote mbili wanatumia vitabu gani sasa, wamefundishwa vipi kuvitumia, na mtoto aliyechelewa anakaa na mwalimu kwa kundi la watoto wangapi. Anayeijua kazi yake atakujibu kwa furaha na kukuonyesha kitabu chenyewe. Asiyeijua atakwambia "tunampa kila mtoto anachohitaji," na utaondoka bila kujua ni nini.

Halafu kuna jambo ambalo sikuliona kwenye barua yako, na nimeisoma tena kulitafuta. Hiyo tisa ni ya shule ya msingi. Kijana wako yuko darasa la saba. Ile shule ya tisa hataingia hata siku moja. Yeye anakwenda shule ya kati, kisha sekondari, na hizo zina ripoti zao. Nyumba zenye shule za msingi tofauti kabisa zinaweza kumwaga watoto sekondari moja. Kabla hamjagombana tena, jueni kila nyumba inaelekea shule zipi tatu.

Na kwa mtoto anayependa hesabu, maswali ni mengine. Nani anaamua mtoto aingie darasa la aljebra akiwa la nane: mtihani, mwalimu, au mzazi anayejua kupiga simu? Mtoto anayehamia katikati anapimwa upya, au anawekwa tu kundi la chini kwa sababu jina lake ni geni? Hili la mwisho limewakuta watoto wengi wa jamii yetu, tena wenye alama nzuri, na hurekebishika tu mzazi akija na karatasi mkononi. Uliza pia kuhusu mpango wa jimbo uitwao College Credit Plus. Mwanafunzi wa darasa la saba hadi la kumi na mbili anayefuzu anaweza kusoma masomo ya chuo na yakahesabika, na akisoma kwenye chuo cha umma familia hailipi ada. Wazazi wengi wageni hulisikia jambo hili mtoto akiwa amebakiza mwaka mmoja. Wewe umelisikia leo.

Kisha nenda ukaione shule kwa macho. Piga simu ofisini, sema mnafikiria kuhamia na mngependa kutembelea. Namna karani atakavyokupokea kwenye simu, kwa lafudhi yako hiyohiyo, ni sehemu ya jibu. Ukiingia, acha mabango ya rangi ya pale mlangoni. Kila shule inayo. Tembea mpaka kwenye ukuta wa nje ya darasa la pili au la tatu, usome kazi za watoto zilizobandikwa. Kama insha ishirini zote zinaanza kwa sentensi ileile na zina nafasi zilezile zilizojazwa neno mojamoja, watoto wamejaza fomu. Kama kila moja ina makosa yake, imefutwa na kuandikwa upya, na pembeni mwalimu ameandika neno linalomhusu mtoto huyo tu, umepata mwalimu anayesoma kazi za watoto. Uliza walimu wangapi waliondoka mwaka uliopita, na mwalimu mkuu ana miaka mingapi hapo. Kwangu mimi, shule ya tano ambayo walimu wake hawahami inaishinda shule ya saba inayobadilisha mwalimu mkuu kila mara. Halafu rudi siku nyingine muda wa kutoka, usimame barabarani tu. Tazama watoto wa rangi na lugha tofauti wanatoka pamoja au kila kundi na upande wake. Wasemeshe akina mama wanaosubiri, hasa mmoja ambaye Kiingereza chake ni kama chako, umuulize mara ya mwisho shule ilipompigia simu ilikuwa kwa jambo gani.

Kuhusu anwani, Columbus ina mtego wake. Jina la mji kwenye anwani ya posta halikwambii wilaya ya shule. Kwa makubaliano ya mwaka 1986 kati ya wilaya ya Columbus na majirani zake, yako maeneo yaliyo ndani ya mipaka ya jiji ambayo watoto wake wanasoma wilaya kama Dublin, Hilliard au Westerville. Na ziko nyumba ambazo posta yake inaandikwa jina la kitongoji ilhali watoto ni wa shule za jiji la Columbus. Tangazo la nyumba hukosea, na programu ya simu nayo hukosea. Ingiza anwani kamili kwenye tovuti ya mkaguzi wa kaunti ya Franklin, ofisi inayotunza kumbukumbu za nyumba, itakuonyesha nyumba ile iko wilaya gani ya shule. Kisha ipigie wilaya yenyewe, wakutajie shule tatu za anwani hiyo, tena uulize kama wana mpango wa kuchora mipaka upya. Vitongoji vinavyokua hujenga shule mpya na kuhamisha mitaa mizima, na mtu aliyelipia shule fulani anajikuta mtoto wake kapangiwa nyingine.

Nikuguse kidogo upande wa fedha, kwa kuwa hapo ndipo hofu yako ilipo na haukukosea kuogopa. Watu hulipia shule kupitia bei ya nyumba. Mwanauchumi Sandra Black aliwahi kulinganisha nyumba za Massachusetts zilizo pande mbili za mpaka mmoja wa shule, mtaa uleule, na katika utafiti wake uliotoka 1999 akakuta kwamba alama za mtihani zikiwa juu kwa asilimia 5, wazazi walikuwa tayari kulipa asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba. Walichokuwa wakikilipia ni alama zile za wastani, ambazo nimekueleza zinapima nini.

Na malipo ya mwezi hayasimami yalipoanzia. Shule za Ohio zinategemea sana kodi ya nyumba, kiasi kwamba mwaka 1997 mahakama ya juu ya jimbo ilisema mfumo huo unavunja katiba ya jimbo. Tena sheria ya mwaka 1976 huzuia, kwa sehemu kubwa, kodi iliyokwishapitishwa na wapiga kura kuongeza mapato thamani ya nyumba inapopanda, kwa hiyo wilaya hulazimika kurudi kwa wapiga kura kila baada ya muda kuomba kodi nyingine. Tafuta wilaya zote mbili zimeomba mara ngapi miaka ya karibuni na watu walisema nini. Ikipita, malipo yenu ya mwezi yanapanda. Ikikataliwa mara mbili tatu, zinaanza kukatwa nafasi za walimu, michezo, mabasi. Sheria ya Ohio inailazimu wilaya kumbeba mtoto wa chekechea hadi darasa la nane anayeishi zaidi ya maili mbili kutoka shuleni; wa sekondari wilaya inaweza kumwacha. Kijana wako atakuwa sekondari baada ya muda mfupi tu. Baba akiwa zamu ya usiku na wewe kazini, nani atamfikisha?

Umeniuliza utazame nini, na hukuniuliza nichague, ila nitasema ninavyoona. Kama nyumba ya pili ina maendeleo mazuri kwenye ripoti ya jimbo, na mwalimu wa Kiingereza wa kudumu, na sekondari yenye hesabu za juu zilizo wazi kwa kijana wako, mimi ningeichukua hiyo, na baba akabaki na zamu alizonazo. Mtoto wa darasa la pili anayejikokota kusoma anahitaji mtu wa kukaa naye jioni, amsikilize akisoma kwa sauti, hata kama msikilizaji hayajui maneno yote. Hakuna wilaya itakayowapa hilo. Na wifi yako kuwa karibu, mtu wa kumpokea mtoto basi linapochelewa, ni jambo lisiloandikwa kwenye programu yoyote. Lakini nyumba ya pili ikionyesha maendeleo ya nyota mbili miaka mitatu mfululizo, na walimu wanahama, basi mumeo ana haki ya kuikataa, na mtafute ya tatu. Vitongoji vya Columbus haviishii kwenye nyumba mbili.

Usimpelekee mumeo maneno yangu. Mwombe asubuhi moja akitoka zamu mwende pamoja kwenye shule zote mbili, ya tisa na ya tano, kabla hajalala. Mwache yeye aulize la hesabu, wewe uulize la kusoma. Na mnapopiga simu kuomba nafasi hiyo, kama mmoja wenu hajiamini kwa Kiingereza cha maswali marefu, ombeni mkalimani wa Kiswahili. Mkishaandikisha watoto, shule zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinawajibika kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa, bila malipo, wala hazipaswi kumtumia mtoto wenu kutafsiri. Shule inayokubali kuwatafutia mkalimani hata kabla hamjawa wazazi wake imeshawajibu swali moja kubwa kwa simu hiyo tu.

Kabla ya kuhama, chukueni shuleni kwao nakala za matokeo ya kijana ya hesabu na za mtihani wa Kiingereza wa binti. Zishikeni mkononi siku ya kuandikisha, msisubiri shule zitumiane.

Shangazi yenu